Mumiani ilianza kama dawa ya mifupa

Giza linapoanza kuingia Mapinga, mzazi hana muda wa maelezo marefu. Barabara ya Bagamoyo iko pale, magari ya kwenda na kutoka Dar es Salaam hayapunguzi mwendo, viwanja vingi havijajengwa na vichaka vimefika karibu na mlango. Mtoto bado anafukuzana na wenzake. Basi mama, bibi au dada wa kazi anatoa neno moja tu: mumiani. Mtoto anaingia ndani mbio.

Neno hilo lina nguvu. Shida ni kwamba nguvu yake haiishii jioni. Siku mtoto anapopata homa na kupelekwa zahanati, anamkuta mtu amevaa glavu, ana kitu chenye ncha, na anachotaka ni damu. Kwa mtoto aliyeambiwa tangu ana miaka mitatu kwamba kuna watu wanaozunguka kutafuta damu za watoto, hapo hakuna cha kuuliza. Huyu ndiye.

Mhudumu anahitaji tone moja kwa ajili ya kipimo cha malaria. Mtoto anapiga yowe, mama anaona aibu, foleni inasimama. Wapo wazazi ambao hapo hukata tamaa, humbeba mtoto na kupitia duka la dawa kununua vidonge vya malaria bila kupima. Huenda homa hiyo ni ya malaria. Huenda pia ni nimonia au maambukizi ya mkojo, na vidonge vile havitasaidia kitu.

Wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba mwanzoni halikuwa jina la mtu. Mumiani ilikuwa dawa, tena dawa ya bei, iliyouzwa kwenye miji ya pwani hii hii.

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inaieleza kuwa ni kitu cheusi kinachonata, mfano wa utomvu uliokauka, kilichotumiwa na baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili. Ilipakwa kwenye maungo yenye maumivu na kwenye mfupa uliovunjika. Ilinywewa pia, ikiyeyushwa kwenye samli. Ilisemekana inatoka Uajemi.

Kamusi hiyo haikuishia hapo. Iliongeza kuwa watu wengi waliamini kitu hicho ni damu ya binadamu iliyoganda, na uvumi ukienea kwamba mumiani inatafutwa, wakazi wa mji hujifungia ndani jua likishazama. Kwa hiyo tayari kufikia mwaka 1939 neno lilikuwa na sura mbili, dawa kwenye kikopo na hofu mitaani.

Sura ya kwanza ndiyo ya zamani zaidi. Kwa Kiajemi, mum ni nta. Kutoka hapo likapatikana jina la lami ya asili, nyeusi, inayochuruzika kutoka kwenye miamba ya milima ya Uajemi. Ilikuwa adimu na ilithaminiwa sana. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliiandika katika kitabu chake cha tiba, na waganga wa ulimwengu wa Kiislamu waliitoa kwa waliovunjika mifupa, walioteguka na wenye kupooza. Hadi hapo hakuna binadamu yeyote ndani ya dawa.

Binadamu aliingia kwa makosa ya wafasiri, na yaliyofuata yanatia kichefuchefu. Vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipotafsiriwa kwa Kilatini kuanzia karne ya 12, wasomi wa Ulaya walikutana na neno mumia na hawakuwa na milima ya Uajemi karibu. Walichokuwa wamesikia ni habari za Misri, ambako maiti za kale zilipakwa dawa zisioze na zikawa nyeusi kama lami. Wakaunganisha. Kama lami ni dawa, na maiti zile zina lami, basi dawa iko ndani ya maiti. Baadaye hata lami ikasahaulika, ikaaminika kwamba nyama yenyewe ndiyo dawa.

Tabibu wa Baghdad aitwaye Abd al-Latif, aliyekaa Misri karibu na mwaka 1200, aliandika kwamba alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho cheusi kwa nusu dirhamu tu. Biashara ilikuwa tayari ipo, na bei ilikuwa ya kutupa.

Kwa miaka mia kadhaa iliyofuata, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri. Uliwekwa kwenye majeraha na ulinywewa kwa ajili ya kutokwa damu, michubuko na maumivu ya tumbo. Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alitembea na mfuko wake mdogo wa unga huo, ukiwa umechanganywa na mzizi wa dawa, tayari kwa lolote likimpata.

Mahitaji yakizidi mali, hujitokeza mafundi wa kuchakachua, hilo halijabadilika. Mwaka 1564 tabibu mmoja wa Kifaransa, Guy de la Fontaine, alifika Alexandria na kumwomba mfanyabiashara wa mumia amwonyeshe ghala lake. Mfanyabiashara alimwonyesha bila kuficha. Maiti zile hazikuwa za mafarao. Alizitengeneza mwenyewe, hazikuwa na umri wa miaka mingi, na nyingine zilikuwa za watumwa. Hakujua walikufa kwa ugonjwa gani na hakuona haja ya kujua. Msomaji wa Bagamoyo, mji ulioona misafara ya watumwa ikifika ufukweni ili ivushwe kwenda Unguja, haihitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Kisa hicho kimetufikia kupitia Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliyeandika mwaka 1582 kuipinga dawa hiyo. Hoja yake kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa ameona ikitumika mara nyingi, na alichokiona ni wagonjwa kuumwa tumbo, kutapika na kunuka mdomo. Damu iliyotakiwa kuzuiwa haikuzuilika. Wauzaji waliendelea kuuza.

Wala haikuwa maiti za Misri peke yake. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipokuwa mahututi mwaka 1685, miongoni mwa dawa alizopewa na madaktari wake ni matone yaliyotengenezwa kutokana na fuvu la binadamu. Alifariki baada ya siku chache. Huko Denmark, katika karne ya 19, mwandishi wa hadithi za watoto Hans Christian Andersen alieleza katika simulizi ya maisha yake jinsi alivyoona wazazi wakimnywesha mgonjwa wao kikombe cha damu ya mtu aliyetoka kukatwa kichwa na serikali, wakitumaini apone kifafa. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa na mgonjwa wa kifafa, na hakuna aliyekuwa na dawa ya kifafa.

Hata mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya dawa ya Merck ya Ujerumani bado iliorodhesha unga wa maiti za Misri kati ya bidhaa zake. Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala hapa. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyenong'ona kwamba Wazungu wanatengeneza dawa kutokana na watu alikosea mengi, lakini hakuwa mwendawazimu.

Dawa ilipogeuka kuwa mtu

Mumiani ilifika pwani kwa majahazi ya pepo za kaskazini, pamoja na tende, mazulia na chumvi. Inaonekana haikuja peke yake, ilikuja na maneno yake. Huko India, ambako dawa hiyo iliitwa momiai, watu wa karne ya 19 walisimuliana kwamba kwenye hospitali za Waingereza mgonjwa huning'inizwa kichwa chini juu ya moto ili mafuta yake yadondoke na kutengenezewa momiai. Wengine waliwaogopa watu wa kutafuta watoto kwa kazi hiyo. Mzazi wa Mapinga akiisikia hadithi hiyo leo ataona kama anasimuliwa ya kwao.

Chini ya ukoloni, neno likahama kabisa kutoka kwenye kikopo hadi kwa mtu. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto, kwa sababu ya magari yao mekundu na mipira yao mirefu. Upande wa Zambia ya leo waliitwa banyama. Pwani ya Tanganyika jina lilibaki mumiani. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya simulizi hizi Afrika Mashariki na Kati na kuzitolea kitabu mwaka 2000, hakupoteza muda kuuliza kama ni za kweli. Aliuliza watu walikuwa wanasema nini kupitia hizo. Jibu moja ni kwamba walikuwa wanasema juu ya serikali iliyochukua miili yao bila kuwaambia kwa nini.

Na ilichukua. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi kwenye visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria mwaka 1906 na 1907, malale yakiwa yanaua watu kwa maelfu. Ili kupima ugonjwa huo, tezi za shingoni zilidungwa sindano na majimaji yake kutolewa. Tiba yake ilikuwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, yaani sumu. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Nafuu ilipokuwa haidumu, Koch aliongeza kipimo. Wagonjwa 22 walipofuka, na hawakuona tena.

Hao hawakuwa wamenyonywa damu na mtu yeyote. Ila ndugu zao waliorudi nyumbani wakiwaongoza kwa mkono walikuwa na cha kusimulia.

Kuna jambo jingine la pwani ambalo halitajwi sana. Matende na mabusha husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na watoto wa minyoo hiyo wana tabia ya kujificha ndani ya mwili mchana. Hutoka kwenye mishipa ya nje usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane. Kwa miongo mingi, aliyetaka kupima ugonjwa huo kwa darubini hakuwa na njia nyingine isipokuwa kupita vijijini usiku huo huo, na taa, na vioo vidogo, akiwadunga watu vidole. Watafiti walifanya hivyo vijiji vya Tanga na kwingineko pwani. Walikuwa wanasaka ugonjwa wa kweli unaolemaza watu. Lakini hebu mtu ajaribu kumweleza bibi wa miaka hiyo kwamba mgeni anayekuja saa sita usiku kutafuta damu si mumiani. Siku hizi vipo vipimo vinavyofanyika mchana.

Uvumi huu umeua. Mwaka 1959, Buguruni jijini Dar es Salaam, ghasia za mumiani zilisababisha askari polisi kuuawa. Mtu anaweza kusema ni ya zamani hayo. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na gari lao kuchomwa moto baada ya kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo.

Damu ya mtoto ni kiasi gani

Mzazi anayeogopa mwanaye kutolewa damu mara nyingi anaogopa kitu kimoja mahususi: kwamba itaisha, au itapungua hadi mtoto adhoofike. Hofu hiyo inajibika kwa hesabu.

Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, yaani wa mwaka mmoja hivi, ana karibu mililita 800. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la kidoleni. Kichupa kidogo kinachojazwa kwa ajili ya picha kamili ya damu huchukua mililita mbili hadi nne, ambazo hazijazi kijiko kimoja cha chai. Maji yaliyomo kwenye damu hiyo mwili huyarudisha ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi taratibu baada ya hapo.

Maumivu ni suala tofauti, hayo yapo kweli. Mtoto anayenyonya anaweza kunyonyeshwa wakati anadungwa, na hiyo hupunguza maumivu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mkubwa kidogo apakatwe na mzazi badala ya kulazwa chali na kushikiliwa na watu watatu. Na aambiwe ukweli: itauma, itauma kidogo, itaisha. Kumwambia haitauma kabisa ni kumpa sababu ya kutoamini safari ijayo. Kibaya zaidi ni yale maneno yanayosikika kila siku majumbani, "ukilia nakuita daktari akuchome sindano." Mtoto huyo ameshakabidhiwa mumiani mwingine, huyu anavaa koti jeupe.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Damu hii inapimwa nini? Majibu yanatoka lini? Kinachobaki kinapelekwa wapi? Mhudumu mzuri hujibu, na mtoto akiona mama yake anaongea na yule mtu kama anavyoongea na jirani, naye hupoa kidogo. Waliopofuka Ssese hawakupata nafasi ya kuuliza hayo.

Bagamoyo yenyewe ina mfano ambao haujasimuliwa vya kutosha. Kuanzia mwaka 2009, watoto wa wilaya hii walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kupitia kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo mjini Bagamoyo. Kuanzia mwaka 2021 wengine wakashiriki majaribio ya chanjo ya R21. Majaribio ya namna hiyo hayafanyiki bila damu. Watoto walipimwa na kupimwa tena, wazazi wakiwa wameelezwa na kutia saini au dole gumba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Mzazi wa Malawi au Ghana ambaye mwanaye amepata chanjo hiyo hajui kwamba ushahidi wake, kwa sehemu, ulitoka kwenye vidole vya watoto wa huku.

Mumiani ile ya kikopo, kwa taarifa tu, haijatoweka. Utomvu mweusi wa milimani wa aina hiyo hiyo unauzwa leo mitandaoni kwa jina la shilajit, ukisifiwa kwa nguvu, mifupa, usingizi na karibu kila kitu. Wauzaji wengine hawaoni tabu kusema unafaa hata kwa watoto. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za asili ya Kihindi zilizokuwa zikiuzwa madukani mjini Boston, na moja kati ya kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyevunjika mkono anahitaji picha ya eksirei na hogo.

Kwa wanaohitaji damu kweli, hali iko hivi. Mtoto mdogo mwenye malaria kali au seli mundu anaweza kuishiwa damu kwa haraka ya kutisha. Wingi wa damu ukishuka chini ya gramu 4, anahitaji kuongezewa saa hiyo hiyo, na ndugu huanza kupigiana simu. Baadhi hufika hospitali na kuanza kutafuta sababu za kutotoa. Mzee mmoja ana presha, kijana mwingine amekumbuka kazi. Wachache husema wazi kwamba wanaogopa damu yao itauzwa.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea damu ya watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65, wenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mfuko mmoja ni mililita 450. Mtoto wa kilo 10 huongezewa karibu mililita 200, kwa hiyo mtu mzima mmoja, kwa dakika chache za kulala kwenye kitanda, anatoa zaidi ya inayomtosha. Juu ya mfuko huandikwa kundi la damu, namba na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina la aliyetoa halimo.